Mali bila Daftari: Nafasi ya Programu-saidizi ya Statd katika Kushirikiana Faili Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza programu-saidizi iitwayo statd, ambayo huuhudumia mfumo wa kushirikiana faili wa NFS katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux. Hoja kuu ni kwamba NFS ilibuniwa kwa makusudi iwe sahaulifu, na kwamba usahaulifu huo, licha ya manufaa yake mengi, haungeweza kuzilinda faili zinazoandikwa na watu wengi pasipo kuwepo mtunza daftari wa pembeni. Makala yanaeleza jinsi mtunza daftari huyo anavyofanya kazi, mipaka yake, hatari aliyoileta mwaka 2000, na mabadiliko yaliyokuja na toleo la nne la NFS. Mwishoni, makala yanagusia suala la istilahi za Kiswahili zinazohusika.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwahimiza wafanyabiashara waweke kumbukumbu za mapato na matumizi yao. Hata hivyo, ukweli wake haukomei dukani. Katika ofisi za siku hizi, sehemu kubwa ya mali ni habari iliyomo ndani ya tarakilishi: alama za mitihani, orodha za mishahara, rekodi za wagonjwa na hesabu za benki. Habari hizi huhifadhiwa katika faili, na mara nyingi faili zenyewe hazikai katika tarakilishi ya mtu mmoja, bali huwekwa mahali pamoja na kutumiwa na wengi kupitia mtandao.

Chukulia mfano wa ofisi ya mitihani katika chuo chochote kile. Faili yenye alama za wanafunzi wa mwaka wa pili imehifadhiwa katika tarakilishi kuu. Karani wa kwanza anaifungua saa nne asubuhi ili aingize alama za fasihi. Karani wa pili, akiwa katika chumba kingine, anaifungua saa nne na dakika moja ili aingize alama za isimu. Kila mmoja ana nakala ileile ya mwanzo mbele ya macho yake. Karani wa kwanza anamaliza na kuhifadhi kazi yake. Dakika tano baadaye, karani wa pili naye anahifadhi yake. Nakala ya pili inaifunika ile ya kwanza, na alama zote za fasihi zinatoweka. Hakuna king'ora kinacholia wala ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kiwambo. Mali imepotea bila habari. Atakayeligundua jambo hilo ni mwanafunzi, pengine miezi kadhaa baadaye, mahafali yakiwa yamekaribia, atakapoambiwa kwamba hakuufanya mtihani ambao yeye anajua fika kwamba aliufanya.

Dawa ya tatizo hili inajulikana tangu zamani, nayo ni kufuli. Anayetaka kuiandika faili huitia kufuli kwanza, na mwingine hungoja hadi kufuli hilo liondolewe. Katika tarakilishi moja jambo hili ni jepesi, kwa kuwa mfumo endeshi mmoja ndio unaojua nani ameshika nini. Ugumu huanza pale faili inapokuwa katika tarakilishi moja na waandishi wake wakawa katika nyingine. Sehemu zifuatazo zinaeleza ugumu huo ulivyokabiliwa.

2.0 NFS: Seva Iliyobuniwa Isahau

Kampuni ya Sun Microsystems iliundwa mwaka 1982 katika jimbo la California, Marekani. Mwaka 1985 ilitoa NFS, yaani mfumo wa faili wa mtandao. Lengo lake lilikuwa kumwezesha mtumiaji kuziona faili zilizo katika tarakilishi ya mbali kana kwamba zimo katika diski yake mwenyewe. Tarakilishi inayohifadhi faili huitwa seva, na ile inayoziomba huitwa mteja. Sun iliyachapisha maelezo ya itifaki hiyo hadharani, na kampuni nyingine zikaweza kuitumia. Toleo la pili lilielezwa katika waraka wa RFC 1094 wa Machi 1989, na toleo la tatu katika RFC 1813 wa Juni 1995.

Sifa kuu ya matoleo hayo mawili ni kwamba seva haiweki kumbukumbu yoyote kuhusu wateja wake. Mfano wake ni muuza duka asiyeuza kwa mkopo. Mteja huja na pesa zake mkononi, hutaja anachotaka, hupewa, kisha huondoka. Muuza duka hana haja ya kumkumbuka. Vivyo hivyo, kila ombi linalotumwa kwa seva ya NFS hubeba maelezo yote yanayohitajika: ni faili ipi, kuanzia baiti ya ngapi, na baiti ngapi zisomwe au ziandikwe. Seva hulitimiza ombi hilo, na haihitaji kujua kilichoombwa kabla yake ili iweze kulijibu linalofuata.

Uamuzi huu haukuwa wa uvivu. Faida yake huonekana siku ambayo seva inazimika ghafla. Kwa kuwa seva haikuwa imebeba kumbukumbu yoyote, haina ilichopoteza. Inapowaka tena huanza kazi moja kwa moja. Wateja nao, ambao walikuwa wakirudiarudia maombi yao bila kujibiwa, hatimaye hujibiwa na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea isipokuwa kucheleweshwa. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, sifa hii si ndogo. Kwa maneno mengine, NFS ilipata uthabiti wake kwa njia ya kusahau.

3.0 Kufuli kama Kumbukumbu

Kasoro ya mpango huo hujitokeza mara tu kufuli linapohitajika. Kusema kwamba faili imetiwa kufuli ni kusema kwamba yupo aliyelitia, na kwamba aliyelitia anakumbukwa. Kufuli, kwa maumbile yake, ni kumbukumbu. Seva isiyokumbuka chochote haiwezi kulishika kufuli la mtu yeyote.

Suluhisho lililochukuliwa na Sun lilikuwa kuiacha NFS katika usahaulifu wake na kuiundia wasaidizi. Shughuli ya makufuli ilitengwa na kupewa itifaki yake yenyewe, iitwayo NLM, inayotekelezwa na programu ya lockd. Mteja anapotaka kuitia faili kufuli, lockd ya upande wake huzungumza na lockd ya upande wa seva. Lockd ya seva ndiyo inayojua kwamba karani wa kwanza ameishika faili ya alama na kwamba karani wa pili hana budi kusubiri. Ni vyema kutaja hapa kwamba makufuli haya aghalabu ni ya maafikiano. Hayamzuii mtu asiyejali kuyaheshimu, bali hufaa pale tu ambapo kila programu inayoiandika faili huomba kufuli kwanza.

Hata hivyo, lockd huiweka orodha ya makufuli katika kumbukumbu ya muda ya tarakilishi, ambayo hufutika umeme unapokatika. Hapa pana hatari mbili zinazokabiliana. Ya kwanza ni seva kuzimika. Inapowaka, lockd yake haijui lolote. Karani wa kwanza bado anaamini kwamba ameishika faili. Karani wa pili anaomba kufuli, na kwa kuwa seva haioni jina la mtu yeyote, inampa. Sasa wawili wanaamini kwamba kila mmoja yuko peke yake. Hali hii ni mbaya kuliko kutokuwa na kufuli kabisa, kwani asiye na kufuli huenda akachukua tahadhari, ilhali mwenye imani na kufuli lililovunjika hana sababu ya kutahadhari.

Hatari ya pili ni mteja kuzimika. Tarakilishi ya karani wa kwanza inakatikiwa na umeme akiwa ameishika faili. Seva, ambayo haikuzimika, inaendelea kulilinda kufuli la mtu ambaye hayupo tena. Karani wa pili atasubiri bila kikomo.

Kwa hivyo, kilichohitajika ni msaidizi wa kufanya mambo mawili: kuandika mahali pasipofutika ni nani anayeshirikiana na nani, na kuwatangazia wahusika pale tarakilishi inapozimika na kuwaka tena. Msaidizi huyo ndiye statd.

4.0 Utendakazi wa Statd

4.1 Kuandika katika daftari

Statd hukaa katika pande zote mbili, kwa seva na kwa mteja. Mteja anapoomba kufuli kwa mara ya kwanza, lockd yake humwambia statd wa hapohapo: seva fulani sasa ni mshirika wangu, liandike jina lake. Seva nayo inapolipokea ombi, lockd yake humwagiza statd wa upande wake aliandike jina la mteja. Kila jina huandikwa katika diski, wala si katika kumbukumbu ya muda. Katika Linux, rekodi hizi huwekwa chini ya saraka ya /var/lib/nfs, katika saraka ndogo iitwayo sm, na kila mshirika huwa na faili yake ndogo. Makufuli yote ya mshirika yanapoondolewa, jina lake linaweza kufutwa.

Inafaa kuzingatia kwamba daftari hili haliorodheshi makufuli. Haliandiki kwamba faili ya alama imeshikwa kuanzia baiti hii hadi ile. Huandika majina ya washirika tu. Sababu yake ni kwamba mteja mwenyewe anayajua makufuli yake, na anachohitaji ni kuambiwa kwamba seva imeyasahau. Daftari fupi linatosha maadamu linajua nani wa kuarifiwa.

4.2 Kupiga mbiu

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tarakilishi inapowaka baada ya kuzimika, hatua mojawapo ya mwanzo ni kulisoma daftari la jana. Katika Linux kazi hii hufanywa na programu ndogo iitwayo sm-notify, ambayo ni mwenzake statd. Huyahamisha majina yaliyoachwa katika saraka ya sm hadi saraka nyingine iitwayo sm.bak, kisha humtumia kila aliyeandikwa ujumbe mmoja: nilizimika, na sasa nimewaka. Mshirika akijibu, jina lake hufutwa katika orodha ya wanaosubiri kuarifiwa. Asipojibu, ujumbe hurudiwa. Isipoelekezwa vinginevyo, programu hiyo huendelea kujaribu kwa dakika 15, kisha hukoma.

Maana ya mbiu hiyo hutegemea aliyeipiga. Ikiwa ni seva iliyozimika, statd wa kila mteja huipokea na kuiarifu lockd ya kwake, nayo hukimbilia kuyadai upya makufuli iliyokuwa nayo. Ili madai hayo yasipokonywe na wageni, seva hutenga kipindi cha subira mara inapowaka. Katika kipindi hicho hukubali madai ya makufuli ya zamani tu, na wanaoomba makufuli mapya huambiwa wasubiri. Karani wa kwanza hurudishiwa kufuli lake, na karani wa pili hubaki kwenye foleni alipostahili kuwa.

Ikiwa aliyezimika ni mteja, maana ya mbiu hugeuka. Mteja aliyezimika amepoteza kila alichokuwa akifanya, kwa hivyo hana haki tena ya makufuli yake. Seva inapoipata habari huyaondoa yote, na foleni husonga mbele.

4.3 Nambari ya hali

Kila tarakilishi yenye statd huweka pia nambari moja inayoonyesha hali yake. Kwa mujibu wa itifaki, nambari hii huwa witiri wakati tarakilishi iko kazini, na huwa shufwa inapokuwa imezimwa. Kila inapowaka upya, nambari huongezeka. Statd akipokea mbiu yenye nambari tofauti na aliyoijua, hutambua kwamba mshirika wake amewahi kuzimika. Akiipokea mbiu ileile mara ya pili kwa sababu mtandao uliirudia, hutambua kwamba hilo ni tukio lilelile, wala hapaswi kuyavunja makufuli yaliyokwisha kudaiwa. Nambari hii moja hutofautisha habari mpya na mwangwi wa habari ya zamani.

5.0 Mipaka ya Statd

Jina la statd linaweza kumpotosha msomaji akadhani kwamba programu hii huwazungukia washirika na kuwajulia hali kila dakika. Sivyo. Statd hamwamkii yeyote wala hamuulizi mtu kama yu hai. Hungoja kuletewa habari. Kutokana na hali hii, mipaka mitatu hujitokeza.

Kwanza, statd hawezi kumshughulikia mteja asiyerudi. Mbiu hupigwa na aliyewaka tena. Tarakilishi iliyoungua, iliyoibwa au iliyofungiwa kabatini haiwezi kupiga mbiu yoyote. Kufuli lake hubaki kwa seva hadi msimamizi wa mitambo aingilie kati na kuliondoa kwa mkono.

Pili, statd hutegemea majina. Mshirika huandikwa kwa jina lake, na mbiu huja ikiwa na jina la aliyeipiga. Endapo tarakilishi imebadilishwa jina, au inajiita kwa jina fupi ilhali wenzake wanaijua kwa jina refu, mbiu itafika lakini haitalingana na jina lolote daftarini. Mpokeaji ataipuuza kama anavyoipuuza habari ya mtu asiyemfahamu. Makufuli yatabaki yalivyo, na msimamizi atashindwa kuielewa sababu, kwani kila programu kwa upande wake inaonekana kufanya kazi ipasavyo.

Tatu, statd hutegemea njia iliyo wazi. Kwa desturi hana lango maalumu katika mtandao. Anapoanza kazi hupewa lango lolote lililopo, kisha hujisajili kwa msaidizi mwingine aitwaye rpcbind, ambaye hapo awali aliitwa portmap na ambaye hupatikana katika lango la 111. Anayemtafuta statd huuliza hapo kwanza, akitumia nambari yake ya programu ambayo ni 100024, ndipo aelekezwe. Ukuta wa usalama unaoliruhusu lango la NFS, ambalo ni 2049, na kuyazuia mengine, utaziacha faili zisomeke vizuri huku mbiu zikikwama njiani. Kosa la aina hii halionekani siku za kawaida. Huonekana siku ya kukatika kwa umeme, yaani siku hiyohiyo msaidizi anapohitajika.

6.0 Mtumishi Aliyeacha Mlango Wazi

Programu-saidizi huwa na hatari nyingine inayotokana na unyenyekevu wake. Kwa kuwa haionekani kwenye kiwambo, ni rahisi kwa wasimamizi kuisahau. Tukio la mwaka 2000 ni ushahidi wa kutosha.

Statd wa Linux wa wakati huo alikuwa na desturi ya kuandika matukio katika kumbukumbu za mfumo. Miongoni mwa aliyoyaandika yalikuwa maneno yaliyoletwa na yeyote aliyemtumia ujumbe kupitia mtandao. Kosa lilikuwa katika namna ya kuandika. Maneno ya mgeni hayakunakiliwa kama maneno tu, bali yalipitishwa mahali ambapo alama fulani husomwa kama maagizo ya mpangilio. Mgeni mjanja aliweza kutunga ujumbe ambao statd, badala ya kuunukuu, aliutii. Ni sawa na karani wa mahakama ambaye, mshtakiwa akisema maneno ya amri, yeye huinuka na kuitekeleza amri hiyo badala ya kuiandika.

Kosa hilo lilizidishwa na jingine. Statd alihitaji mamlaka ya juu kabisa ya mfumo ili afungue njia yake ya mtandao alipoanza kazi. Baada ya kuifungua, hakuyarudisha mamlaka hayo. Kwa hivyo aliyefaulu kumpotosha statd aliitawala tarakilishi nzima. Kituo cha uratibu wa usalama cha CERT, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, kilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo Agosti 2000, na marekebisho yalikuwa tayari yamepatikana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnamo Januari 2001, miezi mitano baada ya tahadhari hiyo, ilizuka programu haribifu iliyojulikana kwa jina la Ramen. Ilijieneza yenyewe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, na ilizilenga tarakilishi zilizokuwa na Red Hat Linux matoleo ya 6.2 na 7.0. Ufa wa statd ulikuwa mmojawapo wa milango iliyoitumia kuingilia. Ilibadilisha kurasa za tovuti ilizozikuta, kisha, kwa kinaya, iliuziba ufa ilioingilia na kuendelea kutafuta wahanga wengine. Wengi wa walioathirika hawakuwa wameyaweka marekebisho yaliyokuwepo.

Mafunzo yaliyotokana na tukio hilo yalizingatiwa katika uundaji wa matoleo ya baadaye. Statd wa Linux wa leo huyaacha mamlaka ya juu mara anapomaliza maandalizi na kuendelea na kazi kama mtumiaji wa kawaida asiye na uwezo mkubwa. Aidha, wasimamizi hushauriwa kumzima kabisa katika tarakilishi zisizohitaji makufuli ya NFS, kwani mlango usio na kazi hauna sababu ya kuwa wazi.

7.0 Toleo la Nne na Hatima ya Daftari

Toleo la nne la NFS lilielezwa kwanza katika RFC 3010 ya Desemba 2000, likarekebishwa katika RFC 3530 ya Aprili 2003. Katika toleo hili, wabunifu waliuacha msimamo wa kusahau. Shughuli ya makufuli iliingizwa ndani ya itifaki yenyewe, na kazi zote zikapitia lango moja la 2049. Anayetumia toleo la nne peke yake hahitaji lockd ya mtandaoni wala statd.

Badala ya mbiu, toleo la nne hutumia mkataba wa muda, mfano wa nyumba ya kupanga. Mteja hupewa kufuli kwa muhula maalumu, na hana budi kuurefusha muhula huo kabla haujaisha. Katika Linux muhula wa kawaida ni sekunde 90. Mpangaji akinyamaza hadi muhula ukapita, seva ina haki ya kumpa mwingine kufuli hilo. Kwa njia hii, tatizo la mteja asiyerudi limepata ufumbuzi: hakuna haja ya kungoja mbiu ya aliyekufa, kwani ukimya wake unatosha kuwa habari.

Je, daftari limeondoka? La hasha. Seva ya toleo la nne inapozimika na kuwaka, bado huwa na kipindi cha subira, na bado inahitaji kujua ni wateja gani wenye haki ya kudai makufuli ya zamani. Asiye katika orodha asije akadai kisichokuwa chake. Orodha hiyo haina budi kuandikwa mahali pasipofutika. Katika Linux ipo programu-saidizi iitwayo nfsdcld ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kuwaandika wateja katika diski. Jina na utaratibu vimebadilika, ila haja ya mtunza daftari imebaki. Vilevile, toleo la tatu halijatoweka. Mitambo mingi bado inalitumia, na popote linapotumika pamoja na makufuli ya mtandaoni, statd yuko kazini.

8.0 Suala la Istilahi

Kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili huibua maswali ya istilahi ambayo hayawezi kupuuzwa. Mawili yanafaa kutajwa.

La kwanza linahusu herufi ya d iliyo mwishoni mwa majina kama statd na lockd. Herufi hiyo huwakilisha neno lenye asili ya Kiyunani linalomaanisha roho isiyoonekana. Neno hilo liliingia katika taaluma ya tarakilishi katika miaka ya 1960 kupitia mradi wa Project MAC wa Massachusetts Institute of Technology, kwa kurejelea kiumbe wa kufikirika aliyebuniwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell. Kulitafsiri neno hilo kwa pepo kungeleta maana zisizokusudiwa, kwani katika utamaduni wa Waswahili pepo humpanda mtu na hupungwa. Programu inayoelezwa hapa haimpandi yeyote, bali hutumika. Ndiyo sababu makala haya yametumia istilahi ya programu-saidizi, ambayo huibainisha kazi badala ya kulifuata jina.

La pili ni zito zaidi, nalo linahusu kitenzi funga. Katika matumizi ya kawaida, Kiswahili hutumia kitenzi hiki kwa vitendo viwili: kuurudisha mlango mahali pake, na kuutia mlango ufunguo. Mlangoni utata huu hauna madhara. Katika faili, vitendo hivyo viwili hukinzana. Kwa kanuni za Unix, programu inapomaliza kuitumia faili na kuifunga, makufuli yake juu ya faili hiyo huondoka. Hivyo basi, sentensi kama karani ameifunga faili inaweza kumaanisha kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kuiandika, au kwamba sasa yeyote anaruhusiwa. Mwongozo wa mtumiaji wenye sentensi hiyo unaweza kumpoteza msomaji na kuipoteza kazi yake. Makala haya yamelitenga neno funga kwa maana ya kumaliza kuitumia faili, na kutumia kutia kufuli kwa maana ya pili. Kitenzi komea nacho kinafaa kufikiriwa, kwa kuwa hakina utata huo.

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi si ngeni. Mradi wa Kilinux uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi ya aina hiyo huanza na maneno yanayoonekana kwenye kiwambo. Programu-saidizi, ambazo hazina kiwambo, hubaki nyuma katika istilahi kama zinavyobaki nyuma katika mawazo ya wanaozitegemea.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba NFS ilipata uthabiti wake kwa kusahau, na kwamba usahaulifu huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na msaidizi aliyekumbuka kwa niaba yake. Statd hushika daftari fupi la majina, na hupiga mbiu baada ya dhoruba kupita. Hana uwezo wa kumtambua asiyerudi, hukwama majina yanapotofautiana, na mwaka 2000 alithibitisha kwamba mtumishi asiyekaguliwa anaweza kuuacha wazi mlango wa nyumba nzima. Toleo la nne limeyaondoa mengi ya matatizo hayo, lakini halikuweza kuliondoa daftari.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mada hii ina funzo maalumu. Alama za mtihani, ambazo mwanafunzi huzisubiri kwa hamu, hulindwa na programu ambazo hatawahi kuziona na ambazo bado hazijapewa majina ya Kiswahili yanayokubalika na wote. Utafiti zaidi unahitajika katika kuziundia dhana hizi istilahi zisizo na utata. Kazi hiyo itafaulu iwapo wataalamu wa lugha na wale wa tarakilishi watakaa meza moja, kila mmoja akiwa na daftari lake mkononi.